Matufaha ya kujazwa na kuokwa: mwongozo kamili kwa wenye oveni na wenye jiko la mkaa

Tangu nilipoanza kuwaelekeza majirani zangu hapa Arusha namna ya kupika vitindamlo, hakuna pishi lililonirudia na malalamiko mengi kama matufaha ya kujazwa. Malalamiko yenyewe ni matatu tu na kila mara ni yaleyale: tufaha limepasuka na kumwaga kila kilichokuwa ndani, ganda limeungua huku nyama yake ikiwa bado ngumu, au tunda zima limelainika na kuwa uji. Wengi wao walipima viungo sawasawa, wakafuata maelezo waliyoyapata mpaka mwisho, na bado wakashindwa, kwa sababu maelezo mengi husema "toa kiini, jaza, oka" kisha yakapita, ilhali kazi yote imo ndani ya maneno hayo matatu.

Shika jambo moja kabla ya kuanza. Tufaha la kujazwa ni chombo na chakula kwa wakati mmoja: lazima liive, lakini lisiache kuwa chombo mpaka litakapofika mezani. Karibu kila onyo utakalolisoma hapa chini linatokana na hilo.

## Mahitaji

Vipimo hivi vinatosha watu sita, tufaha moja kwa kila mtu. Viweke vyote mezani kwanza, kwa kuwa tufaha likishakatwa huanza kubadilika rangi, na halitakusubiri uende dukani kufuata mdalasini.

Matunda:
- matufaha 6 ya kijani, ya ukubwa wa kati na yanayolingana kimo (takriban kilo 1)
- limau 1 au ndimu 2

Mjazo:
- tende 8, zitolewe kokwa na kukatwakatwa
- zabibu kavu, vijiko 4 vya chakula
- korosho zilizokaangwa bila chumvi, gramu 50, zikatwe vipande vidogo
- sukari ya kahawia, vijiko 3 vya chakula
- siagi, gramu 40, na nyingine kidogo ya kupaka chombo
- mdalasini wa unga, kijiko 1 cha chai
- iliki, punje 4, zimenywe na kutwangwa
- chumvi, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili

Shira:
- maji, kikombe kimoja na nusu (mililita 375)
- asali, vijiko 3 vya chakula
- karafuu 3
- tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kipondwe

Vyombo:
- kisu kidogo chenye ncha kali
- kijiko cha chai chenye ukingo mwembamba
- mpira mdogo wa kufungia, kama ule wa kufungia noti
- chombo cha kuokea ambacho matufaha sita yataenea yakiwa yamekaribiana
- karatasi ya foili
- kijiti kimoja cha mishikaki

Mwenye kutumia mkaa aongeze sufuria moja kubwa yenye kitako kinene, mfuniko bapa wa bati, koleo, na mchanga mkavu uliochekechwa.

Sukari ninayotumia ni ile ya kahawia inayotengenezwa na kiwanda cha sukari cha TPC, kusini mwa Moshi, kwa sababu ina ladha kidogo ya miwa ambayo nyeupe haina. Nyeupe nayo itafanya kazi; pishi halitaharibika kwa ajili ya sukari.

## Kuchagua tufaha: nusu ya kazi huisha sokoni

Ukifika Soko la Kilombero, au Mbuyuni kwa walio Moshi, na kuuliza tufaha, huenda muuzaji akakutazama kidogo kabla ya kukuelewa. Sema epo, mambo yatakwenda haraka. Mgeni kutoka pwani naye asichanganyikiwe, kwani kwao tufaa ni tunda jingine, lile jekundu lenye umbo la kengele na nyama laini ya majimaji, ambalo halifai kabisa kwa pishi hili.

Chukua ya kijani, yale yaitwayo Granny Smith. Sababu yake si mapenzi ya rangi. Kinachoshikilia nyama ya tufaha isisambaratike ni pektini, na pektini huyeyuka polepole zaidi pale tunda linapokuwa na uchachu wa kutosha. Tufaha la kijani lina uchachu huo, na kwa hiyo linaweza kukaa motoni karibu saa nzima likaiva bila kuanguka. Uchachu huohuo ndio utakaokata utamu wa tende na asali, la sivyo mlaji atachoka kijiko cha tatu.

Yale mekundu yaliyoiva sana, yenye kitako kilichogawanyika kama magego, ni mazuri kwa kutafuna mbichi na ni mabaya kuoka. Niliyatumia mara yangu ya kwanza, nikayapeleka mezani ukweni, Machame, siku ambayo nilitaka sana kuonekana ninajua kupika. Mama mkwe alichovya kijiko, akakiinua, akatazama kinavyodondoka, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii tuile au tuinywe?" Ukikosa ya kijani kabisa, tafuta ya manjano yaliyo magumu au yale mekundu yenye michirizi ya manjano, na upunguze dakika kumi katika muda wa kuoka.

Rangi peke yake haitoshi. Matufaha mengi yanayouzwa kwetu yametoka Afrika Kusini na yamekaa katika vyumba vya baridi kabla ya kusafiri, kwa hiyo lipo tufaha linalong'aa nje na ndani limekwisha kuwa la ungaunga. Bonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba: likibonyea, liache. Lipime mkononi pamoja na jingine la ukubwa uleule, na uchukue lililo zito. Kisha nunua moja la ziada, ulikate hapohapo na kuling'ata. Likitoa mlio na kuchuruza maji, rudi ununue mengine kwenye kreti hilohilo. Likigeuka unga mdomoni, nenda meza ya jirani. Ukipata ya Lushoto au Njombe, yaonje vivyo hivyo kabla ya kuamua.

Jambo la mwisho sokoni ni kimo na kitako. Tufaha lisilosimama lenyewe juu ya meza halitasimama ndani ya oveni, na sita zenye vimo tofauti hazitaiva pamoja.

## Hatua ya 1: Osha kwa maji ya uvuguvugu

Matufaha ya dukani mara nyingi hupakwa nta ili yasinyauke. Nta hiyo hailetei mlaji madhara, lakini ikipata joto hufanya ganda liwe na utando na kuizuia shira isishike. Bandua stika, osha kwa maji ya uvuguvugu, sugua kwa kitambaa kibichi, kisha yakaushe. Ukipitisha kidole juu ya ganda na likakwaruza kidogo badala ya kuteleza, umefaulu.

## Hatua ya 2: Toa kiini bila kutoboa kitako

Hapa naomba uende polepole, kwa sababu asilimia kubwa ya matufaha yanayoletwa kwangu yakiwa yameharibika yaliharibikia hatua hii, ingawa mwenyewe hudhani yaliharibikia motoni.

Lengo ni kupata shimo lenye upana wa sentimita 3 kwa juu, linaloshuka mpaka sentimita moja na nusu kutoka kwenye kitako, na kuishia hapo. Kitako kikitobolewa, siagi na sukari vitayeyuka na kuvuja vyote katika trei, mjazo utabaki mkavu, na shira itakuwa na mafuta yanayoelea. Kuta zikiachwa nyembamba kuliko sentimita moja na nusu, tufaha litainama ubavu mmoja kabla halijaiva.

Kipimo cha kina usikibahatishe kwa macho. Simamisha kisu kando ya tufaha, ncha yake ikiwa juu ya meza kwa upana wa kidole kimoja, kisha funga ule mpira wa noti kwenye bapa la kisu pale linapolingana na kilele cha tufaha. Sasa kisu chako kina alama: ukikichoma kuanzia juu, mpira ukigusa ganda, umefika mwisho na huruhusiwi kuendelea.

Choma kisu wima pembeni mwa kikonyo, umbali wa sentimita moja na nusu kutoka katikati, mpaka mpira uguse. Kitoe, geuza tufaha robo, choma tena. Fanya hivyo mara nne, kisha unganisha michomo hiyo kwa kukizungusha kisu polepole kama anayekata msingi wa shimo dogo. Weka kisu chini. Kuanzia hapa kazi ni ya kijiko: kizamishe pembeni ya kiini, kipindue kidogo, na kiini kitatoka vipandevipande. Utasikia kijiko kikikwaruza sehemu ngumu yenye magamba ambamo mbegu hukaa. Endelea kuchota mpaka mkwaruzo huo uishe na kijiko kiwe kinapita juu ya nyama laini mahali pote. Magamba yakibaki, mlaji atayakuta katikati ya meno.

Mbegu zitupe zote. Zina kemikali ambayo zikisagwa au kutafunwa hutoa sumu ya sayanidi. Mbili tatu zilizomezwa kwa bahati mbaya hazimdhuru mtu mzima, lakini hakuna sababu ya kuzisaga pamoja na mjazo kama nilivyowahi kumwona mtu mmoja akifanya kwa kudhani anabana matumizi.

Umetoboa kitako? Usilitupe tufaha. Chukua tende moja, ipasue, ibonyeze iwe bapa, kisha ikandamize chini ya shimo mpaka ishike. Tende ina ulimbo wake wa sukari, na ikikuta tundu dogo huziba vizuri kuliko kipande cha tufaha.

Kila unapomaliza moja, pakaza maji ya limau ndani ya shimo na kwenye ukingo wake. Bila hivyo nyama itakuwa ya kahawia kabla hujamaliza la sita.

Dalili ya kufaulu: mimina maji kijiko kimoja ndani ya tufaha na ulishike juu ya kiganja kwa muda wa kuhesabu kumi. Kiganja kikibaki kikavu, chombo chako ni kizima. Yamwage maji hayo na uendelee.

## Hatua ya 3: Chanja ganda

Takriban robo ya ujazo wa tufaha ni hewa, na ndiyo sababu tunda hili huelea likitiwa majini. Hewa hiyo ikipata joto hutanuka, maji yaliyomo yanakuwa mvuke, na vyote viwili hutafuta njia ya kutokea. Ganda zima halina njia, kwa hiyo hupasuka lenyewe mahali lipendapo, na mara nyingi hupenda kupasuka kuanzia juu mpaka chini.

Wewe litengenezee njia. Kwa ncha ya kisu, chora mstari mmoja kuzunguka kiuno cha tufaha, katikati ya juu na chini, kina chake kisizidi milimita 2 au 3. Unakata ganda tu. Litakapokuwa motoni mstari huo utafunguka kama mkanda uliolegezwa, na sehemu ya juu itanyanyuka kidogo bila kuachana na ya chini. Kumenya ganda lote ni kosa jingine, maana ganda ndilo ukuta wa chombo.

## Hatua ya 4: Changanya mjazo

Tia tende, zabibu kavu, korosho, sukari, mdalasini, iliki na chumvi katika bakuli. Zabibu zikiwa ngumu kama kokoto, ziloweke kwanza katika maji ya moto kwa dakika kumi na kuzikamua. Kata siagi vipande vidogo, weka kando kipande cha kutosha kufunika matufaha yote sita kwa juu, na kilichobaki kikande na mchanganyiko kwa vidole mpaka ushikamane. Ukifinya kiasi kidogo katika ngumi na kufungua mkono, kitonge kinapaswa kubaki kitonge.

Korosho unaweza kuzibadili kwa karanga, ila karanga huungua haraka zaidi, na kila mara muulize mgeni kama karanga au korosho humdhuru. Ndugu zangu wa Moshi hawawezi kuona shimo lolote bila kutamani kulijaza ndizi, na nimejaribu kwa ajili yao: ndizi mbivu hutoa maji, mjazo ukafura na kumwagika nje ukiwa bado mweupe. Kama huwezi kujizuia, tumia ndizi iliyokaushwa.

## Hatua ya 5: Jaza na kupanga

Paka siagi kwenye chombo. Jaza kila tufaha kwa kijiko kidogo, ukisindilia kwa upole kila baada ya vijiko viwili ili pasibaki nafasi za hewa katikati, lakini usikandamize kwa nguvu kiasi cha kuufungua ule mstari wa kiunoni. Mjazo uishie kwenye ukingo na kuinuka kama kilima kidogo. Weka kipande cha siagi juu yake.

Yapange matufaha yakiwa yanakaribiana bila kugusana. Yakiwa mbalimbali sana, shira itakauka. Yakigusana, pale yanapogusana hapataiva sawa na pengine.

Chemsha maji ya shira pamoja na asali, karafuu na tangawizi kwa dakika tatu, kisha yamimine yakiwa ya moto kwenye chombo, pembeni mwa matufaha. Kina chake kiwe kama sentimita moja. Yasimiminwe ya baridi, kwa sababu vitako vitachelewa kuiva na sehemu za juu zitatangulia.

## Hatua ya 6: Oka

Washa oveni dakika 15 kabla, nyuzi 180 za Selsiasi, moto wa juu na wa chini. Funika chombo kwa foili bila kuibana sana na uweke rafu ya kati.

Muda ndio unaowachanganya watu wa huku. Mapishi mengi yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, nao huandika dakika 35 au 40. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa huo, na kwa kimo hicho maji huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Tufaha limejaa maji, kwa hiyo joto la ndani yake halitapita hapo hata ukiipandisha oveni mpaka 220. Utakachopata kwa kupandisha ni ganda kuungua. Dawa ni kuongeza muda na kuuacha moto palepale. Kwangu huchukua dakika 50 mpaka 60. Moshi mjini, ambako ni chini zaidi, maji huchemka karibu nyuzi 97, na dada yangu aliyeko huko huyatoa yake baada ya dakika 45 au 50.

Acha foili kwa dakika 25 za kwanza ili korosho zisiungue na mvuke ulainishe nyama. Kisha ifunue, chota shira iliyo chini kwa kijiko na umwagie juu ya kila tufaha, na urudie hivyo kila baada ya dakika kumi. Usichoke. Kila unapomwagia, sukari hubaki juu ya ganda na maji hupotea, na huo ndio mng'ao utakaouona mwishoni. Shira ikikaribia kukauka, ongeza maji ya moto robo kikombe.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usifungue mlango wa oveni. Joto lililomo litaendelea kuivisha kwa muda. Ukirudi baada ya nusu saa, utahitaji dakika 10 au 15 za nyongeza. Usipotokea kabisa, washa mkaa na uendelee kama ilivyo katika sehemu inayofuata.

Yameiva pale mambo matatu yanapokutana. Rangi ya ganda imetoka kijani kikali na kuwa ya zeituni yenye umanjano, na ganda lenyewe limekunjamana kidogo. Mstari wa kiunoni umefunguka kiasi cha upana wa kidole na nyama inayoonekana hapo ni nyeupe iliyofura. Kijiti cha mishikaki kikichomwa kwenye ukuta mnene kinapita kama kinavyopita kwenye kiazi kilichoiva ambacho bado kinakaa sawa, yaani kinapita chote lakini unahisi njia yake. Kikipita kama kwenye hewa, umechelewa kidogo; toa sasa hivi.

## Kwa wanaotumia mkaa

Anayejua kuoka keki kwa sufuria na mkaa tayari anajua nusu ya sehemu hii. Tofauti ni kwamba keki hukuvumilia ukikosea moto wa chini kidogo, na tufaha halikuvumilii.

Tandaza mchanga mkavu katika sufuria kubwa, kina cha sentimita 3. Mchanga husambaza joto na kuzuia kitako kimoja kisipate moto kuliko kingine. Uwe mkavu kweli; mchanga wenye unyevu hutoa mvuke wenye harufu ya udongo, na harufu hiyo huingia kwenye tunda. Funika, weka jikoni kwa dakika 15 upate moto, kisha weka chombo cha matufaha juu ya mchanga.

Sasa gawanya mkaa. Theluthi moja ibaki chini na theluthi mbili ziende juu ya mfuniko, zikiwa makaa yaliyokwisha kuwaka na kupata jivu jepesi, yasiyotoa moshi wala miali. Wengi hufanya kinyume, wakaacha jiko limejaa chini na makaa matatu juu kama mapambo. Shira yao hukauka kwa dakika 15, asali ikaungua na kuwa chungu, na sehemu ya juu ya tufaha ikabaki mbichi.

Huna kipimajoto, lakini una sikio. Sogea karibu na sufuria usikilize: shira inapaswa kutokota kwa mlio mdogo, wa hapa na pale, kama mvua ya rasharasha inapoanza juu ya bati. Ukisikia mlio mfululizo wa kuchemka kwa nguvu, toa makaa mawili chini. Ukisikia kimya, puliza au ongeza moja. Tangu nilipojifunza kusikiliza hivi nimeacha kufunua ovyo, maana kila ukifunua unapoteza joto la dakika kadhaa na jivu huweza kudondokea ndani. Funua mara tatu tu: baada ya dakika 30 kutoa foili na kumwagia shira, baada ya dakika 45 kumwagia tena na kuongeza makaa mapya juu, na baada ya saa moja kupima kwa kijiti.

Onyo ambalo si la upishi: mwezi wa Juni na Julai Arusha huwa na baridi, na watu huingiza jiko ndani na kufunga madirisha ili wapikie na kuota moto hapohapo. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua. Pikia nje au barazani. Mvua ikikulazimisha kuingia ndani, mlango na dirisha viwe wazi muda wote, na jiko lisilale ndani ya nyumba baada ya kumaliza.

## Hatua ya 7: Pumzisha, kisha maliza shira

Yakitoka motoni, yaache palepale kwenye chombo kwa dakika 10 mpaka 15. Nyama iliyoiva huwa imefura kwa mvuke na haina nguvu; ukiinyanyua mara moja, kitako kitabaki kwenye trei na wewe utabaki na pete. Isitoshe, sukari iliyoyeyuka ndani ya mjazo ni ya moto kuliko maji yanayochemka na itamchoma mtoto mwenye haraka.

Wakati huo mimina shira kwenye sufuria ndogo, toa karafuu na tangawizi, na uichemshe bila kufunika kwa dakika tano hivi. Iko tayari pale inapofunika mgongo wa kijiko, ukichora mstari kwa kidole mstari huo usijifunge. Itazidi kuwa nzito ikipoa, kwa hiyo itoe ikiwa bado nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka. Ikizidi, ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja.

Nyanyua kila tufaha kwa kijiko kipana kutokea chini, liweke kwenye kisahani chenye ukingo, na umwagie shira. Pembeni weka mtindi mzito usio na sukari, au krimu kama unayo. Mimi hupendelea mtindi, maana uchachu wake hukutana na ule wa tufaha, na pia hupatikana kila mahali. Aiskrimu ni nzuri, lakini huyeyuka kabla wageni hawajamaliza kusali.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata iliyopikwa. Akitaka kuonja, mwokee kipande cha tufaha pembeni, bila kitu.

## Yakikuharibikia bado

Ukifuata yote na tufaha moja likapasuka, litazame limepasukia wapi. Mpasuko unaoanzia juu kwenye ukingo maana yake ulisindilia mjazo kwa nguvu. Mpasuko wa ubavuni unaoshuka mpaka chini maana yake mstari wa kiunoni haukuzunguka mzima, au ulikuwa mwepesi mno. Yakipasuka yote sita, tatizo ni moto.

Mjazo ukiungua juu na tunda likiwa bado gumu, rudisha foili, ongeza maji ya moto nusu kikombe chini, na upe dakika 15. Ukipenda, kwangua ile sehemu nyeusi ya juu kabla hujaandaa. Chini yake huwa salama. Yakilainika yote na kuanguka, usiyapeleke mezani kwa jina la matufaha ya kujazwa. Yaponde pamoja na mjazo wake, toa maganda, na utapata kitu kizuri cha kupaka kwenye chapati za asubuhi.

## Kuandaa mapema na kuhifadhi

Mwenye wageni wa jioni anaweza kutoa viini na kujaza asubuhi, mradi ukingo na shimo vimepakwa limau vizuri, kisha ayafunike na kuyaweka kwenye friji. Yatolewe nusu saa kabla ya kuoka. Yaliyokwisha okwa hukaa siku tatu kwenye friji, yakiwa ndani ya shira yake na yamefunikwa. Usiyagandishe, kwa sababu yakiyeyuka hutoa maji yote. Kuyapasha, yarudishe kwenye sufuria yenye maji vijiko vitatu, funika, moto mdogo, dakika kumi. Siku ya pili mdalasini na iliki huwa vimeingia mpaka kwenye kuta, na nyumbani kwangu ya siku ya pili ndiyo hugombaniwa.